Robo Fainali 6, Bao 1 la Ugenini

Msimu wa 2018/19 Simba ilimaliza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikiwa na pointi 9, na zote 9 zilivunwa Dar es Salaam. JS Saoura walikula 3-0. Al Ahly wakafungwa 1-0, bao la Meddie Kagere. AS Vita wakalala 2-1 kwa bao la Clatous Chama mwishoni kabisa mwa mchezo, bao ambalo hadi leo likitajwa kijiweni lazima mtu asimame aonyeshe mpira ulivyopita. Ugenini mambo yalikuwa hivi: 5-0 Kinshasa, 5-0 Misri, 2-0 Algeria. Tulifungwa mabao 12, hatukufunga hata moja, hatukuokota hata pointi moja. Na bado tulivuka, nyuma ya Al Ahly kwa pointi 1 tu.

Nchi ilishangilia na ilikuwa na haki. Kwa miaka mingi klabu zetu, isipokuwa mara chache, zilikuwa zinatolewa raundi za awali kabla mashabiki hawajamaliza kununua jezi za msimu. Simba yenyewe mara ya mwisho kucheza makundi ya mashindano haya ilikuwa 2003, ilipowavua ubingwa Zamalek kwa penalti. Katika furaha ile hakuna aliyekuwa na hamu ya kukagua mechi za ugenini. Nimerudi kuzikagua sasa, baada ya robo fainali 6, na naona karibu kila kilichotupata baadaye kilikuwa kimeshaandikwa kwenye msimamo ule.

Tangu mwaka huo hadi msimu wa 2024/25, misimu 7, Simba imecheza robo fainali ya Afrika mara 6: nne za Ligi ya Mabingwa na mbili za Kombe la Shirikisho. Mara 5 za mwanzo ilitolewa palepale. TP Mazembe 2019, Kaizer Chiefs 2021, Orlando Pirates 2022, Wydad Casablanca 2023, Al Ahly 2024. Watani wetu wa Jangwani, Yanga, wakatupa jina, Mwakarobo, na jina likashika hadi watoto wa shule za msingi wakawa wanalitumia. Ukiingia kibanda umiza siku ya mechi ya kimataifa, kabla mpira haujaanza, tayari kuna mtu wa Yanga amekaa nyuma ameshalitamka.

Utani ni utani, siulalamikii. Ninachotaka kukizungumza ni hukumu iliyo nyuma yake, kwa sababu hata wana Simba wenyewe wameikubali. Hukumu hiyo inasema: timu inayofanya vizuri kwenye makundi na ligi kisha inatolewa kila ikifika mtoano ni timu isiyo na moyo wa mechi kubwa. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanasema kuna gundu, kuna mkosi, kuna kitu kimefukiwa mahali. Upande wa pili wapo wanaojibu kwamba robo fainali 6 ni heshima tosha, tushukuru, tusonge. Pande zote mbili zinahesabu mara tulizotolewa kana kwamba ni tukio moja lililojirudia. Mimi nasema tuyafungue matokeo moja moja, kwa sababu ndani yake mna ugonjwa mmoja unaoonekana waziwazi, na hauhusiani na moyo wala mkosi.

Nianze na robo fainali zenyewe. Nyumbani, mechi 6: 0-0 na Mazembe, 3-0 dhidi ya Kaizer Chiefs, 1-0 dhidi ya Pirates, 1-0 dhidi ya Wydad, 0-1 na Al Ahly, 2-0 dhidi ya Al Masry. Tumeshinda 4, sare 1, kufungwa 1. Mabao 7 ya kufunga, 1 la kufungwa. Timu yoyote Afrika ingefurahi kuwa na rekodi hiyo katika hatua hiyo, dhidi ya wapinzani wa aina hiyo.

Ugenini, mechi 6: 1-4 Lubumbashi, 0-4 Johannesburg, 0-1 Orlando (Soweto), 0-1 Casablanca, 0-2 Cairo, 0-2 Suez. Tumefungwa zote 6. Mabao 14 yameingia wavuni kwetu, na sisi tumefunga bao 1. Hilo moja lilifungwa na Emmanuel Okwi dakika ya 2 pale Lubumbashi, Aprili 2019. Kuanzia hapo, katika robo fainali za mashindano hayo mawili, Simba haijafunga tena ugenini. Ongeza nusu fainali ya 2025 kule Durban, 0-0 na Stellenbosch, na fainali kule Berkane, 0-2, hesabu haibadiliki: mechi 8, bao 1.

Nimekaa na matokeo ya makundi ya misimu hiyo 6 vilevile. Nyumbani Simba ilikusanya pointi 49 kati ya 54 zilizowezekana. Ugenini ilikusanya 14 kati ya 54. Kama hujawahi kuiona tofauti hiyo ikiwa imekaa pembeni kwa pembeni, isome tena. Mwaka 2019 ugenini tulipata 0, mwaka 2022 tukapata 1, 2023 tukapata 3, na zote hizo 3 zilitoka Uganda kwa Vipers, 2024 tukapata 2. Miaka miwili tu ndiyo tulipata pointi 4 ugenini, 2021 na 2025, na miaka hiyo miwili ndiyo tuliyoongoza kundi, kwa pointi 13 kila mara.

Hapa ndipo watu wengi wanapopitwa. Hatua ya makundi inazichanganya mechi za nyumbani na za ugenini katika kapu moja. Ukishinda zote 3 za nyumbani una pointi 9, na 9 mara nyingi zinatosha kuvuka. Msimamo hauulizi umezipata wapi. Mtoano unauliza. Mechi mbili, moja kwako, moja kwa mwenzako, na huwezi kujaza pengo la moja kwa mechi nyingine tatu. Kwa hiyo timu ile ile yenye nguvu ile ile, ikitoka kwenye makundi kuingia mtoano, inaonekana imepungukiwa ghafla. Haikupungukiwa. Ilikuwa hivyo tangu kwenye makundi.

Kisha kuna suala la nani anamalizia wapi. Anayeongoza kundi anaanza robo fainali ugenini na kumalizia nyumbani, anayeshika nafasi ya 2 anaanza nyumbani na kumalizia ugenini. Mara 4 tulizoshika nafasi ya 2 tulikwenda kumalizia Lubumbashi, Orlando, Casablanca na Cairo. Mara 2 tulizoongoza tulimalizia Dar es Salaam: moja tulifunga 3-0 ikakosekana chembe, nyingine tukafunga 2-0 na kuvuka kwa penalti. Pointi moja au mbili za Novemba au Februari, zile ambazo watu huziita sare nzuri ya ugenini na kusahau, ndizo zinazoamua Aprili utakuwa unacheza mbele ya nani.

Mimi napenda kufanya hesabu nyingine, na najua inauma. Mwaka 2021 tulifungwa 4-0 Johannesburg halafu tukashinda 3-0 nyumbani, John Bocco akifunga mawili na Chama moja. Kama tungefunga bao 1 tu kule, jumla ingekuwa 4-4 na kanuni ya bao la ugenini (jumla zikilingana, anapita aliyefunga mengi ugenini) ingetupeleka nusu fainali. Mwaka 2022, 1-0 na 0-1 dhidi ya Pirates, tukatolewa kwa penalti 4-3. Bao 1 pale Orlando lingetosha. Mwaka 2023, 1-0 na 0-1 dhidi ya Wydad, mabingwa watetezi wakati huo, tukatolewa kwa penalti 4-3 tena. Bao 1 pale Casablanca lingetosha. Mabao 3, moja kila mwaka, na leo tungekuwa tunaizungumzia timu iliyocheza nusu fainali 3 mfululizo. Mashabiki wa Mnyama wanaodhani tatizo letu lilikuwa penalti wanaangalia mlango wa kutokea. Penalti zilikuja kwa sababu kwa dakika 90 ugenini hatukugonga hata mara moja.

Wazee watasema si jambo la jana. Nusu fainali ya Afrika ya 1974, dhidi ya Mehalla El Kubra ya Misri: 1-0 Dar es Salaam, 0-1 kwao, penalti, tukatoka. Ukiyafunika majina na mwaka huwezi kuitofautisha na 2022 wala 2023.

Sababu ni nini? Nina maoni yangu, na nayashikilia.

Kwanza ni kwamba Ligi Kuu yetu haimfundishi mchezaji wa Simba maana ya ugenini. Angalia ratiba. Mechi kadhaa za "ugenini" zinachezwa Dar es Salaam hiyohiyo, dhidi ya timu za jijini, na mchezaji analala kitandani kwake. Akitoka kwenda Mwanza, Mbeya, Bukoba au Tanga, anakuta nusu ya jukwaa ni nyekundu, wakati mwingine zaidi ya nusu, kwa sababu Simba na Yanga zina watu kila kona ya nchi. Mwenyeji mwenyewe anafurahia kumkaribisha Simba kwa mapato ya mlangoni. Uwanja unaweza kuwa mbovu, safari inaweza kuwa ndefu, lakini ile hali ya watu 40,000 kutaka ufe, mpira usitue mguuni mwako bila filimbi na kelele, mchezaji wetu haipati hata siku moja katika mechi 30 za ligi. Simba ilichukua ubingwa mara 4 mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Mwaka 2022/23 ilipoteza mechi 1 tu kati ya 30, ikamaliza na pointi 73, na bado haikuwa bingwa. Kwa kipimo cha msimu mrefu hiyo ni timu nzuri sana. Ila msimu huo mrefu haukuwa na mtihani hata mmoja unaofanana na Casablanca.

Pili ni namna tulivyojenga timu. "Kwa Mkapa hatoki mtu" ilianza kama kauli ya hamasa ikaja kuwa mpango wa klabu. Usajili, mbinu, maandalizi, hata hamasa ya wasemaji, vyote vilielekezwa kwenye ule uwanja wa watu 60,000. Tulikuwa na kiungo mchezeshaji ambaye akiwa na mpira na uwanja unaimba ni mfalme, na timu nzima ilimzunguka yeye. Ugenini timu haina mpira. Inakaa nyuma, inarundika viungo wakabaji wawili, mabeki wa pembeni ambao nyumbani ndio wanaoanzisha kila kitu wanageuka kuwa walinzi tu, na mshambuliaji anabaki peke yake akikimbiza vivuli. Hakuna njia ya kutoka na mpira. Nimeziangalia mechi zile za Johannesburg na Cairo tena, na kitu kinachosikitisha kuliko mabao ni jinsi kila mpira tuliopokonya ulivyorudi kwa mpinzani baada ya pasi mbili.

Kuna atakayenikumbusha UD Songo 2019 na Jwaneng Galaxy 2021, na ana haki. Songo tulitoka nao 0-0 Msumbiji, tukaja kupata sare ya 1-1 nyumbani na kutolewa. Jwaneng tuliwapiga 2-0 kwao Botswana, wakaja Dar es Salaam wakatufunga 3-1. Mechi zote mbili ziliharibikia nyumbani. Lakini zile zilikuwa raundi za awali dhidi ya timu tulizoziona ndogo, na maradhi yake ni mengine, ni kujiamini kupita kiasi. Kama mtu ananiuliza aibu kubwa ya Simba katika miaka hii ni ipi, nitamjibu Oktoba 24, 2021, siku ya Jwaneng. Hakuna robo fainali hata moja inayoikaribia. Ajabu ni kwamba siku ile inatajwa kidogo, na Mwakarobo linatajwa kila wiki.

Sasa niseme jambo ambalo mwana Simba halisemi kwa urahisi. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, na waliifikia kwa kushinda ugenini. Robo fainali walikwenda Nigeria wakaifunga Rivers United 2-0, mabao ya Fiston Mayele, kisha wakamalizia na 0-0 nyumbani. Nusu fainali waliifunga Marumo Gallants 2-1 kwao Afrika Kusini. Fainali wakaifunga USM Alger 1-0 huko huko Algiers. Mechi 3 za ugenini za mtoano, ushindi 3. Kombe walilipoteza nyumbani, 2-1, kwa kanuni ya bao la ugenini. Ligi ile ile, nchi ile ile, mashabiki kila mkoa kama sisi. Kwa hiyo hoja yangu ya ligi ina mpaka: ligi haikufundishi ugenini, lakini kocha anaweza. Nasreddine Nabi, kocha wa Yanga wakati huo, alikuwa na timu inayojua kutoka na mpira kwa kasi ikiwa imebanwa, na alikuwa na muda wa kuijenga.

Muda. Hapo ndipo mzigo wa lawama unapopaswa kutua.

Robo fainali 6 za Simba zilichezwa na makocha 6. Patrick Aussems 2019. Didier Gomes 2021. Pablo Franco 2022. Robertinho 2023. Abdelhak Benchikha 2024. Fadlu Davids 2025. Kati yao hakuna aliyecheza mbili kati ya hizo 6 akiwa na Simba. Kila mmoja alifika pale kwa mara ya kwanza na klabu hii, akaona alichokiona ugenini, na kabla ya kurudi tena mwaka unaofuata alikuwa ameshaondoka au ameondolewa. Sven Vandenbroeck aliivusha timu kuingia makundi Januari 2021 akaondoka mara tu baada ya hapo. Gomes akaondoka baada ya Jwaneng. Robertinho akaondolewa Novemba 2023, siku chache baada ya Yanga kutufunga 5-1, na wiki chache tu baada ya kutoka sare 1-1 Cairo na Al Ahly kwenye African Football League, mashindano mengine ya klabu za Afrika. Sare ile ilitutoa, kwa kuwa nyumbani tulitoka 2-2, lakini ilikuwa ni mara adimu ya Simba kwenda kwa Al Ahly na kufunga bao. Miezi michache baadaye tulirudi Cairo kwa robo fainali na kocha mwingine, tukafungwa 2-0.

Na wachezaji vilevile. Kikosi cha 2021, ambacho kwangu ndicho bora katika miaka hii yote, kiliongoza kundi mbele ya Al Ahly waliokuwa wanakwenda kuwa mabingwa. Msimu ulipoisha Luis Miquissone akauzwa kwa Al Ahly na Chama kwa RS Berkane. Tulipokwenda Orlando mwaka uliofuata tulikwenda na timu nyingine.

Wamarekani wana mjadala kama huu katika mpira wao, ule wa kubeba mikononi, na mfano wao maarufu ni Cincinnati Bengals chini ya kocha Marvin Lewis. Alikaa misimu 16, kuanzia 2003 hadi 2018. Katika msimu wa kawaida alishinda mechi 131, akapoteza 122, sare 3. Aliipeleka timu mtoano mara 7, zikiwemo mara 5 mfululizo kuanzia 2011 hadi 2015, na akafungwa mara zote 7. Kwa jina tu unaweza kusema huyo ni ndugu yetu, Mwakarobo wa Ohio. Ukifungua matokeo, hapana. Katika mechi hizo 7 alizofungwa, 4 zilichezwa Cincinnati, mbele ya watu wake. Ugonjwa wao haukuwa wa safari. Na wao walikuwa na mtu mmoja wa kumuuliza, aliyekuwepo mara zote 7. Unaweza kusema alipewa muda mrefu kupita kiasi, mimi nitakubali. Baada ya yeye kuondoka, Bengals chini ya Zac Taylor walifika Super Bowl, fainali ya ligi yao, Februari 2022 na kufungwa na Los Angeles Rams 23-20.

Sisi hatuna hata huyo wa kumuuliza. Ukisema "Simba inashindwa robo fainali kila mwaka", ni Simba ipi? Kocha tofauti, mshambuliaji tofauti, kiungo tofauti, na ugonjwa ule ule. Kitu kinachobaki pale pale wakati watu wote wanabadilika ni klabu yenyewe, namna inavyosajili, namna inavyoandaa safari, namna inavyochagua makocha. Mashabiki tunapomzomea beki au mpigaji penalti tunawaacha wanaohusika wakiwa wamekaa VIP.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, moja moja.

Lubumbashi 2019 siihesabu kama kushindwa. Ilikuwa timu iliyojifunza kutembea, ikakutana na klabu iliyokuwa imeshakuwa bingwa wa Afrika mara 5. Johannesburg 2021 ndiyo kushindwa halisi. Tulikuwa bora kuliko Kaizer Chiefs, tuliongoza kundi gumu kuliko lao, na tuliingia uwanja wa FNB bila mpango wa dakika ambazo mpira haupo kwetu. Mechi ile pekee inastahili majonzi yote ambayo tumeyagawa kwa mechi tano. Pirates 2022 na Wydad 2023 ni mechi zilizokuwa sawa kwa sawa hadi mkwaju wa mwisho, na anayezipanga pamoja na ile 4-0 hatendi haki. Al Ahly 2024 walitushinda nje ndani kwa sababu walikuwa bora, na mwezi uliofuata wakachukua kombe lenyewe. Huko hakuna cha kuchunguza sana.

Nje ya kiwanja, robo fainali hizo zilifanya kazi ambayo hata watani wamenufaika nayo. Kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa kuliingizia nchi pointi 3 katika hesabu za CAF, shirikisho la soka la Afrika, na pointi hizo zilichangia kuipandisha Tanzania hadi kupata nafasi 4 za klabu Afrika, na msimu wa 2021/22 Simba na Yanga zikaingia Ligi ya Mabingwa pamoja, Azam na Biashara United zikaenda Shirikisho. Njia iliyowafikisha Yanga Algiers ilisafishwa kwa sehemu na miguu ya Simba. Hilo lisemwe wazi.

Lakini kama kuna miaka ninayoidai klabu maelezo, ni ile ya ligi. Msimu wa 2023/24 Yanga walimaliza na pointi 80. Sisi tulikuwa na 69, sawa na Azam, wakatupita kwa tofauti ya mabao, tukawa wa 3 na kukosa Ligi ya Mabingwa. Mechi 30 hazidanganyi kama mechi 2. Bahati ikikukimbia siku moja inakurudia siku nyingine, refa akikunyima leo atakupa mwezi ujao, majeruhi wanapata nafasi ya kupona. Ukiwa wa 3 baada ya mechi 30, wewe ni wa 3. Mwaka ule mazungumzo yote ya Aprili yalikuwa juu ya kutolewa na Al Ahly, jambo ambalo klabu nyingi Afrika zimepitia, na pointi 11 zilizotutenganisha na bingwa wetu wa nyumbani zilipita kama habari ndogo.

Kisha ukaja 2025, na nadharia yangu ikapimwa. Davids alichukua timu changa, mpya karibu yote. Katika makundi ya Shirikisho alishinda Tunisia kwa CS Sfaxien 1-0, akatoka sare 1-1 Angola kwa Bravos do Maquis, akapata zile pointi 4 za ugenini, akaongoza kundi. Kwa hiyo robo fainali ikaanzia Suez, tukafungwa 2-0 kama kawaida, ikaishia Dar es Salaam kwa 2-0 na penalti 4-1. Uwanja ule sijausikia ukilia vile. Nusu fainali, bao la faulo la Jean Charles Ahoua Zanzibar, kisha 0-0 Durban, mechi pekee ya ugenini baada ya makundi katika miaka yote hiyo ambayo Simba haikufungwa, na ndiyo iliyotupeleka fainali. Fainali ikatuonyesha kwamba ugonjwa umepungua bila kupona: Berkane walitufunga mabao 2 ndani ya robo saa ya kwanza. Marudiano Zanzibar, Joshua Mutale akafunga mapema, Yusuph Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha pili, na Berkane wakasawazisha dakika za majeruhi. Jumla 3-1. Mwezi mmoja baadaye, Juni, Yanga wakatufunga 2-0 kwenye mechi iliyoamua ubingwa, 82 kwa 78.

Kocha huyo ndiye wa kwanza katika orodha ya 6 ambaye angeweza kurudi mwaka wa pili akiwa anajua Suez, Durban na Berkane zilivyokuwa. Mohamed Hussein "Tshabalala", nahodha, aliyekuwa klabuni tangu 2014 na kuziishi robo fainali zote 6, ndiye mchezaji ambaye angeweza kumkumbusha mwenzake mpya Lubumbashi ilikuwaje. Kabla msimu mpya haujaanza Tshabalala alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Septemba 2025, raundi ya awali ikiwa katikati, Davids akaenda Raja Casablanca.